Daftari na Kamba: Namna ya Kupima Shambani Ulichokiona kwenye Kipindi cha Kilimo

Tangu mwaka 2012, Shamba Shape Up, kipindi kinachotengenezwa na kampuni ya Mediae na kurushwa na Citizen TV nchini Kenya, kimekuwa kikiingia katika mashamba ya wakulima wadogo na kuyafanyia marekebisho mbele ya kamera: leo banda la kuku, wiki ijayo ghala la mahindi, wiki inayofuata ng'ombe ambaye maziwa yake hayalingani na majani anayokula. Nchini Tanzania, shindano la Mama Shujaa wa Chakula, lililoanzishwa na shirika la misaada la Oxfam mwaka 2011 na baadaye kuingia kwenye televisheni, liliwakusanya wanawake wakulima katika kijiji kimoja, na watazamaji wakaona kwa macho yao ni mikono ya nani inayojaza masufuria ya nchi. Vipindi vya namna hii vina nguvu ambayo hotuba ya mkutanoni haina, kwa sababu mkulima anamwona mkulima mwenziwe, mwenye jembe kama lake, akiuliza maswali ambayo yeye mwenyewe angeyauliza.

Hata hivyo, kipindi cha nusu saa kinaubana msimu mzima, na katika kubana huko yapo mambo mengi yanayodondoka. Anayetazama na kuiga papo hapo hubeba hatari yote ya mambo hayo, na anayetazama kwa kujiburudisha tu huikosa faida iliyokuwapo. Njia ninayoipendekeza iko katikati: kichukulie kila kipindi kuwa ni shamba darasa la mtu mwingine, andika ulichokiona, kisha kipime katika kipande kidogo cha shamba lako kabla ya kukitandaza shamba zima. Vifaa vinavyohitajika ni daftari, kamba, mizani ya kuazima na uvumilivu wa msimu mmoja.

Wakati wa kutazama

Kaa na daftari, na kabla ya kuandika walichofanya, andika mahali walipo. Hili ndilo jambo ambalo watazamaji wengi huliacha, nalo ndilo linaloamua karibu kila kitu kingine. Mtangazaji akitaja wilaya au kaunti, iandike. Asipoitaja, tazama nyuma ya mgeni anayehojiwa, kwa maana migomba, chai, mikorosho au mibuyu itakueleza zaidi kuliko maneno. Mahindi ya H614 yanayositawi katika nyanda za juu za Kitale, kwenye mwinuko wa kati ya mita 1,500 na 2,100, huchukua miezi 6 au zaidi shambani, kwa hiyo mkulima wa Kibwezi au Dodoma anayevutiwa na magunzi yake makubwa na kuinunua mbegu hiyo ataona mvua ikimaliza kazi yake huku mahindi bado hayajabeba. Kwa ajili ya maeneo makavu kama hayo ndiyo maana mbegu ya Katumani ilizalishwa huko Machakos: gunzi lake ni dogo, lakini hukomaa kwa takriban miezi 3.

Baada ya mahali, andika majira. Sehemu kubwa ya pwani na kaskazini mwa Tanzania, pamoja na maeneo mengi ya Kenya, hupata mvua mara mbili kwa mwaka, yaani masika kuanzia Machi na vuli kuanzia Oktoba, ilhali Mbeya, Ruvuma na Dodoma hupata msimu mmoja mrefu unaoanza karibu na Novemba au Desemba. Kipindi kinachorushwa Aprili huenda kilipigwa picha miezi kadhaa nyuma, na ushauri wa "panda sasa" unaofaa kwa shamba lililomo kwenye picha unaweza kuwa umechelewa kwako au umewahi mno.

Andika pia jina kamili la mbegu, si "mahindi ya kisasa" tu. Jina na kiasi cha mbolea. Nafasi kati ya mstari na mstari na kati ya shimo na shimo. Na ukubwa wa eneo. Mwisho, andika majina ya wafadhili yanayopita mwishoni mwa kipindi. Vipindi hivi hugharamiwa na taasisi za utafiti, mashirika ya misaada na makampuni ya pembejeo, na hakuna aibu katika hilo, kwani kamera, mafuta ya gari na mishahara vinahitaji fedha. Ila dawa au mbolea iliyotajwa kwa jina la biashara inapotokea pia katika orodha ya wafadhili, uliza ni kiambato gani kilichomo ndani yake, kisha uangalie dukani kama kiambato hicho hicho kinauzwa kwa jina jingine na kwa bei nyingine.

Vipimo vinavyodanganya

Mkulima wa Kenya akisema kwenye televisheni kwamba alivuna magunia 30 kwa ekari, kwa kawaida anazungumzia gunia la kilo 90, wakati mkulima wa Tanzania anapolisikia neno hilo hufikiria gunia la kilo 100. Magunia 30 ya kwanza ni kilo 2,700, sawa na magunia 27 ya pili. Zaidi ya hapo kuna hekta, ambayo ni ekari 2.47, na watafiti hupenda kuitumia kwa sababu ndivyo walivyofundishwa. Dawa ya mkanganyiko huu ni kubadili kila takwimu kuwa kilo kwa ekari mara tu unapoiandika. Kwa viazi na vitunguu hali ni mbaya zaidi, maana gunia la shambani mara nyingi huwa ni lumbesa, lenye kilemba kilichoshonewa juu, na hakuna anayejua uzito wake mpaka lipande kwenye mizani. Kenya iliweka kikomo cha kilo 50 kwa mfuko wa viazi katika kanuni za mwaka 2019, na Wakala wa Vipimo nchini Tanzania umekuwa ukiipiga vita lumbesa kwa miaka mingi; lakini ukifika shambani kununua utakutana nayo bado.

Kipande cha mita 10 kwa 10

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Chagua jambo moja tu kutoka kwenye kipindi. Ukibadili mbegu, mbolea na nafasi kwa pamoja, halafu mavuno yakapanda, hutajua ni lipi lililoyapandisha, na msimu ujao utayagharamia yote matatu hata kama mawili hayakuwa na kazi.

Pima vipande viwili vilivyo bega kwa bega, kila kimoja mita 10 kwa mita 10, ndani ya shamba lako na si pembezoni, kwa sababu mimea ya ukingoni hupata mwanga zaidi na hukudanganya. Epuka mahali palipokuwa na zizi zamani, chini ya mti, juu ya kichuguu na kwenye mkondo wa maji. Ili pembe ziwe sawa, funga mafundo kwenye kamba kwa urefu wa hatua 3, 4 na 5, unyooshe pembe tatu, na kona iliyo kati ya upande wa 3 na wa 4 itakuwa imenyooka kama ya ukuta wa nyumba. Mafundi wa kujenga msingi hufanya hivyo hivyo.

Sababu ya kuchagua ukubwa huo ni hesabu nyepesi: ekari moja ina mita za mraba 4,047, kwa hiyo kipande chako cha mita za mraba 100 ni takriban sehemu moja ya 40 ya ekari. Kiasi chochote kinachotajwa kwa ekari kigawe kwa 40 upate cha kipande, na mavuno ya kipande yazidishe kwa 40 upate ya ekari. Tuseme kipindi kilishauri mfuko mmoja wa kilo 50 wa mbolea ya DAP kwa ekari wakati wa kupanda: kipande chako kinahitaji kilo 1 na robo. Ukipanda mahindi kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 60, mimea miwili kila shimo, utapata mistari 13 hivi yenye mashimo 17, yaani mashimo kama 220, na kizibo kimoja cha soda kilichojaa, ambacho ni karibu gramu 5, kikiwekwa katika kila shimo kitamaliza kilo 1.1. Kwa namna hiyo kizibo, ambacho maafisa ugani wengi hukitumia kufundishia, kinakubaliana na mfuko wa dukani bila kuhitaji mizani. Kumbuka tu kufukia mbolea kwa udongo kidogo kabla ya kuweka mbegu, ili mbegu isiungue.

Panda vipande vyote viwili siku moja, palilia siku moja, na vuna siku moja. Kishawishi kikubwa ni kukipendelea kipande kipya kwa kukipalilia kwanza kwa sababu majirani wanakipitia; ukifanya hivyo utakuwa umepima upendeleo wako. Kama nafasi inaruhusu, rudia jozi nyingine ya vipande upande wa pili wa shamba. Njia mpya ikishinda mahali pote pawili, una jambo la kuaminika. Ikishinda hapa na kushindwa kule, basi tofauti hiyo huenda inatoka kwenye udongo, na hapo sampuli ya udongo itakufaa kuliko mfuko mwingine wa mbolea. Maabara za udongo zipo katika vituo vya utafiti wa kilimo, kwa mfano TARI Mlingano mkoani Tanga na KALRO Kabete karibu na Nairobi.

Wakati wa kuvuna, usipime mahindi mabichi. Punje zenye unyevu ni nzito, na kipande kilichochelewa kukomaa kitaonekana kimeshinda kwa sababu ya maji. Anika, pukuchua, kisha jaribu ukavu kwa chumvi: chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, jaza punje hadi theluthi ya chupa, funga, tikisa kwa dakika moja na uache itulie kwa dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu bado uko juu ya asilimia 15, nawe rudisha mahindi juani. Jaribio hili hukusaidia pia kwa jambo zito kuliko hesabu, kwa kuwa mahindi yanayowekwa ghalani yakiwa na unyevu huota ukungu unaoleta sumukuvu, ambayo haionekani wala haiondoki kwa kupika, na ambayo imewahi kuua watu Kenya na Tanzania. Hata mifuko ya PICS yenye tabaka tatu, ambayo huwaua wadudu kwa kuwanyima hewa, haiyakaushi mahindi mabichi.

Sasa pima. Chukulia kwamba kipande cha zamani kimetoa kilo 38 na kipya kilo 52. Tofauti ni kilo 14, ambayo kwa ekari ni kilo 560. Zidisha kwa bei ya kilo moja siku utakayouza, si bei uliyoisikia kwenye kipindi, kisha toa gharama ya ziada uliyoingia kwa ajili ya njia mpya. Kinachobaki ndicho unachoweza kukiita faida ya ulichokiona kwenye televisheni.

Kwa mifugo utaratibu hubadilika kidogo. Pima maziwa ya ng'ombe kwa chombo kile kile, asubuhi na jioni, kwa wiki moja kabla ya kubadili chakula. Badilisha polepole, kwa kuwa tumbo la ng'ombe huhitaji kama wiki mbili kuzoea. Halafu pima wiki nyingine. Na si kila jambo ni la kujaribiwa. Kipindi kikikuonyesha chanjo ya mdondo, ile ya tone moja katika jicho la kuku inayorudiwa kila baada ya miezi 3, usiwachanje nusu na kuwaacha nusu ili uone kitakachotokea. Kitakachotokea kinajulikana. Wachanje wote, mradi wawe wazima siku hiyo.

Gharama ambazo kamera haizioni

Siku za kazi ndizo hupotea kwanza katika uhariri. Mfano mzuri ni kilimo cha sukuma-vuta, kilichobuniwa na watafiti wa ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, na washirika wao, na ambacho utafiti wake umefanyika sana Mbita nchini Kenya, kando ya Ziwa Victoria. Desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, hupandwa kati ya mistari ya mahindi, na harufu yake huwafukuza nondo wa bungua, ambao viwavi wao hutoboa mashina, huku mizizi yake ikizuia gugu la kiduha. Majani ya tembo au ya brakaria hupandwa kuzunguka shamba ili kuwavuta nondo hao nje. Mbinu hii inafanya kazi, nayo huacha malisho ya ng'ombe juu yake. Lakini desmodiamu huota taratibu sana, mbegu yake ni ndogo kama ya mchicha, na msimu wa kwanza inahitaji palizi ya mikono ya mtu anayejua kuitofautisha na magugu. Kwenye kipindi unaliona zulia la kijani la mwaka wa pili. Kwa hiyo, kando ya kila jambo uliloliandika, kadiria siku za kazi, na ziandikie thamani ya kibarua hata kama atakayefanya kazi ni wewe au mama watoto, maana siku hizo zingeweza kutumika kwingine.

Gharama ya pili ni ya soko. Niliwahi kulima kabichi baada ya kuona kipindi ambacho mkulima mmoja alizihesabu noti zake mbele ya kamera, na kabichi zilikubali vizuri kabisa. Tatizo ni kwamba nusu ya tarafa ilikuwa imekitazama kipindi hicho, tukafika gulioni siku moja na mzigo mmoja, na madalali wakatupangia bei wakiwa wamekaa. Tangu hapo, kabla ya kupanda zao la kuoza huwauliza wauza mbegu watatu ni mbegu gani wameiuza sana mwezi huo. Jibu lao ni utabiri wa bei, na hutolewa bure.

Kuhusu viuatilifu, sitarefusha: usiige kipimo kwa macho. Nunua chupa iliyofungwa, yenye lebo na usajili wa mamlaka ya nchi yako, yaani TPHPA kwa Tanzania au PCPB kwa Kenya, na usome idadi ya siku zinazotakiwa kupita kati ya kunyunyiza na kuvuna. Kwa kiwavijeshi vamizi, aliyeingia Afrika mwaka 2016, na kwa kantangaze anayeshambulia nyanya, dawa inayofanya kazi leo huenda ikashindwa baada ya misimu michache, kwa hiyo kipindi cha zamani unachokitazama kwenye simu kinaweza kukupa ushauri uliopitwa. Kabla ya kunyunyiza, pita shambani kwa mwendo wa herufi W, simama mahali patano, kagua mimea 10 kila mahali, na uhesabu ni mingapi kati ya hiyo 50 ina wadudu au mashimo mapya. Idadi hiyo ndiyo afisa ugani atakayoiuliza.

Kwa mtazamaji asiyelima

Mtu wa mjini naye ana la kufanya. Baada ya kipindi, chagua chakula kimoja kilichokuwa mezani kwako siku hiyo na ukifuate kinyumenyume hadi shambani. Anza sokoni alfajiri, magari yanapoteremsha mizigo, kwa maana saa 4 asubuhi wanaojua mzigo ulikotoka huwa wameshaondoka. Mabibo na Ilala kwa Dar es Salaam, Marikiti kwa Nairobi na Kongowea kwa Mombasa ni mahali pazuri pa kuanzia. Usimuulize muuzaji "hiki kimetoka wapi?", maana jibu la haraka ni jina linalouza: kila mchele ni wa Kyela na kila pishori ni ya Mwea. Uliza badala yake gari limeondoka wapi jana, limelipa ushuru mara ngapi, na gunia moja lina kilo ngapi. Dereva na wapakuzi hujibu maswali hayo bila kusita. Vitunguu utakavyovifuata hivyo huenda vikakufikisha Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, na viazi vikakupeleka Njombe au Nyandarua, nawe utagundua ni mikono mingapi imegawana bei uliyolipa. Watoto wakifuatana nawe, wape wao kazi ya kuandika.

Kuuliza swali ili ujibiwe

Vipindi vingi hutoa namba ya ujumbe mfupi kwa ajili ya maswali na vijarida. Swali la "mahindi yangu yana njano, nifanye nini?" hupata jibu la jumla, kwa kuwa njano husababishwa na ukosefu wa naitrojeni, maji yaliyotuama, ugonjwa au mengine kadhaa. Andika kata na mwinuko kama unaujua, aina ya mbegu, tarehe ya kupanda, mbolea uliyoweka na lini, na kama njano imeanzia majani ya chini au ya juu, kwani upungufu wa naitrojeni huanza kwa majani ya chini, ukishuka kwa umbo la V kutoka ncha ya jani. Ambatanisha picha mbili ikiwezekana, moja ya mmea mzima na moja ya jani, zilizopigwa jua lisipokuwa kali. Nakala ya ujumbe huo mpe pia afisa ugani wa kata, pamoja na zile namba za vipande vyako viwili, kwa sababu yeye anaweza kufika kwa pikipiki kuangalia mizizi.